Saa tatu za draiva ya muziki: kwa nini kompyuta ya zamani huimba vibaya ilhali chipu yake ni nzima

Ukiwasha Commodore 64, ZX Spectrum 128 au MSX mjini Kisumu leo na picha ikatokea, kazi ya sauti bado iko mbele. Malalamiko huwa manne: hakuna sauti kabisa, sauti ipo lakini imepanda au imeshuka kuliko ilivyotungwa, wimbo unakimbia au unajikokota, noti nyingine zinamezwa. Fundi wa redio pale Kibuye atashuku spika, kisha kapasita, kisha chipu yenyewe, na pengine ataanza kuichomoa. Asiwashe pasi ya kulehemu kwanza. Katika makosa hayo manne, matatu ya mwisho kwa kawaida hutoka kwa draiva, yaani programu inayoiamrisha chipu ya sauti, ambayo imekosana na saa.

Kwenye Windows, draiva husakinishwa mara moja, kisha programu zote huitumia. Kompyuta hizi hazina mpango huo. Amri ya PLAY iliyo katika BASIC ya MSX na ya Spectrum 128 inatosha kwa kijiwimbo. Kwa mchezo wa video au wimbo wa dakika tatu haitoshi. Ndiyo maana kila mchezo na kila wimbo hubeba draiva yake tumboni: kipande cha lugha ya mashine cha kilobaiti chache, kikifuatwa na data ya wimbo wenyewe. Ukipata faili ya wimbo wa Commodore 64, umepata draiva na muziki kwa pamoja, na huwezi kuvitenganisha bila kujua nani aliiandika na kwa mtindo gani.

Draiva ya namna hii ina milango miwili. Wa kwanza huitwa mara moja tu: unanyamazisha chaneli zote na kurudisha wimbo mwanzoni. Wa pili huitwa tena na tena, kwa kawaida mara 50 kwa sekunde. Kila ukiitwa, unasoma data, unapiga hesabu, unaandika namba chache kwenye rejista za chipu (vijisanduku vyake vya kupokelea namba), kisha unarudi ulikotoka. Noti inayosikika sekunde nzima ni namba iliyoandikwa mara moja ikaachwa hapo, au ikasukumwa kidogo mara 50 ili itetemeke.

Kwa hiyo kuna saa tatu, na vurugu yote hutokana na kuzichanganya. Saa ya chipu ya sauti huamua noti iwe juu au chini. Saa inayoita mlango wa pili huamua mwendo wa wimbo. Saa ya prosesa huamua kama chipu itawahi kupokea kile inachoandikiwa. Wimbo ukiwa na mwendo sahihi lakini noti zake zote zimepanda au kushuka, kuchunguza intarapti (ishara inayomkatiza prosesa ili mlango wa pili uitwe) ni kupoteza muda.

Kimya kwanza

Kimya kina mambo yake, na mengi hayahusu draiva. Runinga za analogi za Kenya hufuata mfumo wa picha wa PAL, aina ya B/G, ambapo sauti hukaa MHz 5.5 kutoka kwenye picha. Uingereza walitumia PAL I, sauti ikiwa MHz 6. Mashine iliyouzwa Uingereza ukiiunganisha kwa waya wa antena itakupa picha nzuri na mvumo mtupu. Ingia kwenye menyu ya TV, tafuta mfumo wa sauti, ubadilishe BG kuwa I. TV ikikosa chaguo hilo, achana na antena utumie waya wa AV.

Kwenye Commodore 64 tundu la AV ni DIN ya duara. Pini 2 ni graundi, pini 3 ni sauti inayotoka, pini 4 ni picha. Pini 5 ni sauti inayoingia. Iache bila waya, kwani waya unaoning'inia hapo huokota mvumo wa stima na kuupeleka moja kwa moja kwenye chipu.

Jambo la pili ni umeme. Adapta asili ya Commodore, ile nzito iliyojazwa utomvu mgumu, ikizeeka huweza kupandisha volti 5 zake. Ipime kwa multimita kabla ya kuichomeka. Ikizidi volti 5.25, itupe, RAM na chipu nyingine hazivumilii. Na ukibadilisha chipu ya sauti ya SID, soma namba iliyo mgongoni: 6581 hutumia volti 12, 8580 hutumia volti 9. Zinaingia kwenye soketi ileile bila kulalamika, na hapo ndipo watu huziunguza.

Baada ya hapo, ijaribu chipu kwa mkono, bila draiva yoyote. Commodore 64 andika:

S=54272
POKE S+24,15: POKE S+5,9: POKE S+6,240
POKE S,69: POKE S+1,29: POKE S+4,17

Mstari wa pili unafungua sauti hadi mwisho na kuweka namna noti inavyopanda na kushuka. Wa tatu unaandika namba 7493 kwa vipande viwili (29 mara 256, jumlisha 69), kisha unafungua noti. Kwenye mashine ya PAL hiyo ni noti ya A, Hz 440. POKE S+4,16 huifunga.

Spectrum 128 hutumia poti mbili: 65533 huchagua rejista, 49149 huandika thamani.

OUT 65533,7: OUT 49149,62
OUT 65533,0: OUT 49149,252
OUT 65533,1: OUT 49149,0
OUT 65533,8: OUT 49149,15

MSX ni rahisi zaidi, kwani BASIC yake ina amri ya SOUND:

SOUND 7,190: SOUND 0,254: SOUND 1,0: SOUND 8,15

Angalia rejista ya 7. Kwenye chipu hii ya familia ya AY-3-8910, iliyomo kwenye Spectrum 128 na MSX, biti yenye sifuri ndiyo inayowasha chaneli, na yenye moja huizima, kinyume na vile mtu angetarajia. Tena biti mbili za juu hazihusu sauti kabisa. Zinaamua mwelekeo wa poti za chipu. Kwenye MSX biti 7 lazima iwe 1 na biti 6 iwe 0, kwa sababu vijiti vya michezo vimefungwa hapo. Ndiyo maana Spectrum inaandikiwa 62 na MSX 190 kwa kazi ileile. Draiva iliyoandikwa kwa Spectrum ikipelekwa MSX bila kurekebisha rejista hii haiharibu sauti tu. Inaweza kulazimisha poti zitoe umeme mahali pa kupokea.

Sauti ikitoka kwa mkono, chipu ni nzima na njia ya sauti ni nzima. Hapo ndipo unaanza kuishuku draiva.

Saa ya chipu: jedwali la noti

AY-3-8910 haijui A wala Do. Inachukua saa yake, inaigawanya kwa 16, kisha inaigawanya tena kwa namba uliyoandika kwenye rejista. Namba ikiwa kubwa sauti inashuka. Draiva hubeba jedwali la namba hizo, moja kwa kila noti, lililokokotolewa kwa saa ya mashine moja mahususi.

Saa hizo hazilingani. Spectrum 128 huilisha chipu MHz 1.7734. MSX huilisha MHz 1.7898. Amstrad CPC ni MHz 1 kamili, na Atari ST, yenye pacha wake YM2149, ni MHz 2. Kwa Hz 440, Spectrum inahitaji 252, MSX 254, Amstrad 142, Atari 284.

Chukua sasa jedwali la Spectrum ulipeleke kwingine bila kuligusa. Namba 252 kwenye MSX inatoa Hz 444, tofauti ambayo wengi hawataisikia mpaka gitaa liingie. Kwenye Atari inatoa Hz 496, yaani wimbo mzima umepanda nusu toni mbili. Kwenye Amstrad inatoa Hz 248, karibu nusu toni kumi chini, na besi inakuwa ngurumo. Wimbo wenyewe hauna kosa na mwendo wake uko sawa. Suluhisho ni kukokotoa jedwali upya, namba 96 kwa oktava 8, kazi ya dakika chache kwenye lahajedwali.

SID ya Commodore 64 inafanya kinyume: namba ikiwa kubwa sauti inapanda. Namba ni Hz unayotaka mara 16777216, gawanya kwa saa. Saa ya PAL ni Hz 985248, ya NTSC ni 1022727. Hivyo A ya 440 ni 7493 kwenye mashine ya Uingereza na 7218 kwenye ya Marekani. Wimbo wa PAL ukipigwa kwenye mashine ya Marekani hupanda zaidi kidogo ya nusu ya nusu toni, kiasi cha kuudhi bila kueleweka.

Jedwali hili lina faida moja ambayo watu wa huku wangepaswa kuitumia zaidi. Halilazimishi ngazi ya piano. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huzikaza kwa sikio, si kwa Hz 440. Pakua programu ya kupimia noti kwenye simu, piga kila uzi, andika Hz zake nane. Kwa Spectrum, gawanya 110837 kwa kila Hz. Uzi wa Hz 220 unakupa 504, ambayo ni 1 kwenye rejista ya juu na 248 kwenye ya chini. Namba nane zikikamilika, una draiva inayoimba kwa mkazo wa nyatiti hiyohiyo, wala si ya mwingine.

Kaa chini, lakini. Karibu na namba 252, kuongeza au kupunguza moja kunasogeza noti kiasi cha asilimia 7 ya nusu toni, na sikio linavumilia. Oktava mbili juu, kwenye 63, hatua ileile inasogeza zaidi ya robo ya nusu toni. Orutu (fidla ya uzi mmoja) inayolia juu kabisa haitakaa sawa kwenye AY hata ufanye nini. SID ina biti 16 za masafa dhidi ya 12 za AY, na huko juu hatua zake ni ndogo mno kusumbua.

Saa ya mwito: mwendo wa wimbo

Kuna imani iliyoenea kwamba mashine ya Marekani huimba polepole Kenya kwa sababu stima yetu ni ya mizunguko 50. Si kweli. Mwito wa draiva hutoka kwenye chipu ya picha au kwenye kipima muda cha ndani, na vyote viwili hufuata kioo cha kwati kilicho ubaoni. Transfoma ya kushusha volti 240 kuwa 110 haibadilishi mwendo wa muziki hata chembe. Kinachoathirika kwenye Commodore 64 ni saa ya masaa na dakika iliyo ndani ya chipu za CIA, ambayo kweli huhesabu mizunguko ya stima, lakini draiva za muziki haziitumii.

Tatizo halisi ni hili: Commodore 64 ya PAL hupiga picha mara 50.12 kwa sekunde, na nyimbo nyingi za Ulaya zilitungwa kwa mwito huo. Lakini mfumo wa ndani ya ROM huweka kipima muda chake kwenye mara 60 kwa sekunde, hata kwenye mashine ya PAL. Ukiifunga draiva kwenye mwito huo wa kawaida bila kurekebisha kipima muda, wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 20. Wengi huishia kulaumu faili.

Hii hapa njia fupi ya kuendesha wimbo wenye mlango wa kwanza 4096 na wa pili 4099, mpangilio unaopatikana zaidi. Pakia faili kwa LOAD "JINA",8,1 kisha andika NEW. Ukiruka hatua hiyo, BASIC itadhani wimbo ni programu yake na kudai kumbukumbu imejaa. Halafu:

10 FOR I=0 TO 18: READ B: POKE 49152+I,B: NEXT
20 POKE 780,0: SYS 4096
30 POKE 56324,199: POKE 56325,76
40 SYS 49152
50 DATA 120,169,13,141,20,3,169,192,141,21,3,88,96
60 DATA 32,3,16,76,49,234

Mstari wa 20 unaweka namba ya wimbo kwenye rejista A (0 ni wa kwanza) na kuita mlango wa kwanza. Mstari wa 30 unaandika 19655 kwenye kipima muda, ambayo ni fremu (picha nzima) moja ya PAL. Data ya mstari wa 50 inazima intarapti, inaelekeza vekta (anwani inayorukiwa intarapti ikigonga) ya 788 na 789 kwenye 49165, kisha inawasha intarapti. Ya mstari wa 60 ndiyo inayoitwa kila mara: inaita 4099, halafu inarukia kazi za kawaida za mfumo. Usijaribu kubadilisha 788 na 789 kwa POKE mbili kutoka BASIC. Intarapti ikidondoka katikati ya POKE hizo, mashine inaganda. Dalili kwamba kipima muda kimekubali ni kielekezi cha kwenye skrini kupepesa taratibu kidogo kuliko kawaida.

MSX za Japani huita mara 60, za Ulaya kwa kawaida mara 50. Wimbo wa Japani kwenye mashine ya Ulaya hupungua mwendo kwa asilimia 17. Kwenye MSX2 unaweza kubadilisha bila kufungua chochote: VDP(10)=VDP(10) AND 253 huipeleka 60, mradi TV yako inakubali. Kwenye MSX ya kwanza, draiva yenyewe lazima iongezwe mwito mmoja wa ziada kila baada ya fremu tano. Muziki utadunda kidogo, lakini utafika kwa wakati.

Spectrum haina vekta ya kuelekeza kwenye ROM yake, kwa hiyo draiva huhamia hali ya pili ya intarapti, inayohitaji jedwali la baiti 257 zenye thamani moja. Ni 257 badala ya 256 kwa sababu prosesa husoma baiti mbili kuanzia mahali popote ndani ya jedwali. Liweke kati ya 32768 na 49151. Juu ya hapo ndipo benki za kumbukumbu za 128 hubadilishwa, na benki yenye draiva ikiondolewa wakati intarapti inagonga, kwaheri.

Mwendo wenyewe huhesabiwa kwa fremu, si kwa mapigo ya dakika. Mstari mmoja wa wimbo ukichukua fremu 6, na mistari 4 ikawa pigo moja, fremu 50 zinakupa mapigo 125 kwa dakika. Fremu 5 zinakupa 150. Katikati hakuna kitu, na benga mara nyingi hutaka katikati. Ujanja ni kupokezana: mstari wa fremu 6, unaofuata fremu 5, na unapata 136. Kuyumba huko kwa sehemu ya hamsini ya sekunde hakuharibu. Gitaa la solo la benga lenyewe haliketi sawasawa juu ya pigo.

Kupanga benga kwenye chaneli tatu ni mgawanyo wa lazima: solo moja, besi moja, na chaneli ya tatu ikibeba gitaa la ridhimu na ngoma kwa zamu. Kodi ya muziki, yaani noti tatu zinazolia pamoja, huingizwa kwenye chaneli moja kwa kubadilisha noti kila fremu, mzunguko kamili mara 16 hivi kwa sekunde. Ngoma ya isukuti haihitaji kelele. Inahitaji noti inayoporomoka haraka. Kwenye Spectrum andika 600, 800, 1000, 1200 katika fremu nne mfululizo, na sauti 15, 13, 10, 6. Milisekunde 80, kisha chaneli inarudi kwa ridhimu. Kelele ya AY iachie manyanga.

Mambo mawili draiva mbovu huyakosea

Rejista za AY ni 14 kwa muziki, na draiva ya mvivu huziandika zote kila fremu. Inafanya kazi mpaka utumie envelopu ya chipu, ile inayopandisha na kushusha sauti yenyewe. Rejista ya 13 huanzisha envelopu upya kila inapoandikwa, hata kama thamani ni ileile. Matokeo ni mlio wa kukwaruza mara 50 kwa sekunde mahali ambapo palitakiwa mteremko laini. Draiva nzuri huweka nakala ya rejista kwenye RAM, na huandika 13 pale tu noti mpya inapoiomba.

Nakala hiyo kwenye SID si anasa. Rejista 25 za SID haziwezi kusomwa kabisa. Ukitaka kujua ulichoandika, lazima uwe umekihifadhi. Rejista ya 24, kwa mfano, hubeba sauti ya jumla na aina ya kichujio kwa pamoja. POKE S+24,15 unayotumia kufungua sauti huzima kichujio chochote kilichokuwa kinatumika.

SID ina kasoro nyingine ambayo imeumbua draiva nyingi za mikono ya nyumbani: noti ikichelewa au kutotoka kabisa, hasa noti fupi zinazofuatana. Ndani ya chipu kuna kihesabu cha envelopu cha biti 15. Ukibadilisha kasi ya envelopu na kikomo kipya cha kihesabu kikawa chini ya mahali kilipofika, hakirudi nyuma. Kinazunguka hadi mwisho, hatua 32768, kama milisekunde 33. Noti imekwisha kabla ya kuanza. Dawa ni kufunga noti ya awali na kuandika sifuri kwenye rejista 5 na 6 za chaneli hiyo fremu mbili kabla ya noti mpya, kwa sababu fremu mbili za PAL ni milisekunde 40 na zinatosha kihesabu kumaliza mzunguko. Hili linataka draiva isome data fremu mbili mbele, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuiandika. Anayetunga wimbo wake wa kwanza ni heri atumie draiva iliyokamilika kuliko kujitengenezea.

Usipokuwa na mashine, yote haya yanajaribika kwenye laptopu kwa programu zinazoigiza mashine hizi: VICE kwa Commodore, Fuse kwa Spectrum, openMSX kwa MSX. Chagua PAL au NTSC mwenyewe kwenye mipangilio kabla ya kuhukumu wimbo.

Saa ya prosesa: AdLib kwenye Pentium

Saa ya tatu haisumbui sana kwenye mashine za biti 8, kwani prosesa yake ni ya polepole kuliko chipu inavyohitaji. Inasumbua kwenye PC za DOS, zile 486 na Pentium zilizojaa saiba na maabara za shule, ambazo bado unaweza kuzikuta stoo Nakuru zikiwa na kadi ya sauti ya ISA (aina ya zamani ya soketi za kadi) ndani.

Kadi ya AdLib ya 1987, na Sound Blaster za kwanza zilizoifuata, zina chipu ya Yamaha YM3812: chaneli 9 za FM (sauti zinazoundwa na chipu yenyewe, si redio), poti 388h kuchagua rejista na 389h kuandika. Chipu hii inataka kupumzika mikrosekunde 3.3 baada ya kuchaguliwa rejista na 23 baada ya kuandikiwa. Ukiiharakisha, inameza namba. Noti moja kati ya kumi haitoki, au ala inabadilika sauti katikati ya wimbo, na kila ukirudia kosa linahamia mahali pengine. Kosa linalohama ndilo alama ya saa hii. Makosa ya saa mbili za kwanza hayahami.

Draiva za kale zilingoja kwa kuhesabu mizunguko ya prosesa. Mizunguko iliyotosha kwenye 286 inapita kufumba na kufumbua kwenye Pentium. Njia salama, iliyopendekezwa na AdLib wenyewe, ni kusoma poti 388h mara 6 baada ya kuchagua rejista na mara 35 baada ya kuandika. Kusoma poti hupitia basi ya ISA (njia ya data ya kadi hizo), ambayo hukaa karibu MHz 8 hata prosesa ikiwa kasi kiasi gani, kwa hiyo kungoja huko hakufupiki sana. Kama huna chanzo cha programu cha kurekebisha, ingia BIOS uzime kashe ya ndani. Pentium itatambaa, lakini AdLib itapumua. Kwenye DOSBox, programu ya kuigiza DOS, punguza mizunguko kwa Ctrl na F11.

Mwito kwenye PC hutoka kwa kipima muda cha Hz 1193182, ambacho DOS hukigawanya kwa 65536 na kupata mara 18.2 kwa sekunde. Draiva ya muziki huweka kigawanyo chake, 23864 kwa mara 50, na inapaswa kuendelea kuipa DOS mwito wake wa 18.2. Ikiipitishia miito yote 50 badala yake, saa ya kompyuta inakimbia wakati wimbo unapigwa. Ukitoka kwenye mchezo ukakuta saa iko mbele, umeijua draiva ilivyoandikwa.

Kwa sauti za kurekodiwa za Sound Blaster, DOS haina draiva ya pamoja pia. Kuna mstari tu ndani ya AUTOEXEC.BAT unaoiambia kila programu kadi iko wapi, kwa mfano SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6 kwa Sound Blaster 16. Mstari huo haubadilishi kadi, unatoa habari. Kadi ikiwa imewekwa IRQ 7 (laini ya saba ya intarapti) kwa jampa na mstari ukasema I5, yaani IRQ 5, muziki wa FM utalia vizuri, kwa kuwa hauhitaji IRQ, na sauti za risasi au maneno zitasikika kipande kimoja kisha mchezo ugande. IRQ 7 ndiyo ya poti ya printa vilevile, kwa hiyo ihamishie kadi kwenye 5, au zima poti hiyo, LPT1, ndani ya BIOS kama printa haipo. Mwisho fungua programu ya miksa iliyokuja na kadi: baadhi ya kadi za mwisho wa miaka ya 1990 huwaka FM ikiwa imefungwa kabisa, na hakuna draiva ya mchezo itakayokufungulia.